Sahajdhari, Amritdhari, AKJ, Nihang au Namdhari? Ulinganisho kwa aliyekwama kuchagua njia ya Usikh

Kuna maswali yanazunguka sana kwa vijana wetu wa Kikalasinga huku Afrika Mashariki, na siku hizi hata kwa watu ambao sio Makalasinga ila wameoa au wameolewa kwetu. Nichukue amriti, yaani niape rasmi kwa kunywa yale maji matakatifu, mwaka huu au nibaki nilivyo? Mbona familia ya mchumba wangu wanavaa nyeupe tupu na ndoa zao wanazunguka moto, hawa nao ni Singasinga au ni watu wengine? Mbona binamu yangu amerudi kutoka Uingereza na hali tena chakula cha mamake mzazi? Ukiuliza pale gurudwara, nyumba yetu ya ibada, unaambiwa beta (mwanangu), sisi sote ni kitu kimoja, na ni jibu zuri kweli, lakini halimsaidii mtu ambaye anatakiwa aamue kabla ya Vaisakhi, sikukuu yetu ya Aprili.

Kwahiyo nimekaa nikapanga njia tano upande kwa upande. Sitakwambia ipi ndio ya kweli na nyingine za uongo. Mimi nimelelewa gurudwara ya kawaida, nyumba ya vilemba, nalisema mapema ili ukiona nimeegemea upande ujue nimetokea wapi.

Nitaangalia nini

Sita tu. Guru ni nani kwa njia hiyo. Nywele, kilemba na alama za mwilini. Sahani, yaani unakula nini na kwa mkono wa nani. Saa za ibada. Nafasi ya mwanamke. Na la sita ni utani na heshima, yaani watu wa njia hiyo wanacheka nini, wanacheka wapi, na wakifika wapi wananyamaza. Hili la sita watu hawaliulizi kabisa lakini mimi naliweka juu ya mengine yote, kwa sababu chakula utazoea, kuamka alfajiri utazoea, ila ukiingia kwenye jamii ambayo kicheko chako kinawaumiza au kicheko chao kinakuumiza wewe, hutakaa.

Wenyewe ni kina nani, kwa kifupi

Guru Nanak, Guru wa kwanza, alizaliwa 1469 na Guru wa kumi, Guru Gobind Singh, akafariki 1708. Mwaka 1699 siku ya Vaisakhi pale Anandpur, Guru Gobind Singh alisimama mbele ya umati na upanga akaomba kichwa cha mtu, wakajitokeza watano, mmoja baada ya mwingine, akawapa amriti alafu yeye mwenyewe akapiga magoti mbele yao akaomba wao wampe. Khalsa, jumuiya ya waliochukua amriti, ilianzia hapo na njia zote tano zinaiheshimu siku hiyo.

Sahajdhari ni yule anayeamini Magurú kumi na Guru Granth Sahib, kitabu chetu kitakatifu, ila hajachukua amriti, na wengi wao nywele wanakata. Amritdhari wa kawaida ni aliyechukua amriti na anafuata Rehat Maryada, mwongozo uliopitishwa 1945 na SGPC, kamati inayosimamia magurudwara ya kihistoria kule Punjab. AKJ, yaani Akhand Kirtani Jatha, nao ni Amritdhari lakini wakali zaidi, wanamfuata Bhai Randhir Singh aliyezaliwa 1878 na kufungwa na Waingereza miaka mingi kwa kupigania uhuru. Nihang ni wale wa mavazi ya bluu na vilemba virefu vyenye chuma, jeshi la zamani la Khalsa. Namdhari ni wavaa nyeupe, makao yao Bhaini Sahib karibu na Ludhiana, na Nairobi pia wapo.

Katikati kuna wale wenye nywele na kilemba ambao amriti bado, Keshdhari, na ukweli ni kwamba wengi wetu tuko hapo. Hao nimewagusa ndani ya mengine, kwa sababu mara nyingi ndio hao hao wamekwama.

Guru ni nani

Hapa ndipo mgawanyiko mkubwa ulipo, alafu cha ajabu ndio swali watu wanaliuliza mwisho kabisa. Kwa Sahajdhari, Amritdhari wa kawaida na AKJ, Guru baada ya 1708 ni Guru Granth Sahib, kurasa 1430, na wanamchukulia kama Guru aliye hai: asubuhi anafunguliwa kwa heshima, anapepewa, usiku analazwa chumbani kwake. Nihang nao ni hivo hivo ila kwenye kiti cha enzi wanaweka na vitabu vingine viwili, Dasam Granth na Sarbloh Granth, kitu ambacho gurudwara ya kawaida huwezi kukikuta. Namdhari wanaamini Guru Gobind Singh hakufariki 1708, aliendelea kuishi na uguru ukapita kwa Balak Singh, alafu kwa Satguru Ram Singh aliyezaliwa 1816, mpaka leo wana Satguru aliye hai, mtu kabisa. Guru Granth Sahib wanamheshimu sana, wanamsoma, wanamwimba, lakini kauli ya mwisho iko kwa Satguru.

Kama wewe moyo wako unataka mtu wa kumwendea na kumuuliza, Namdhari wanacho hicho na wengine hawana. Kama moyo wako unakataa kumwinamia binadamu yeyote, hapo hakuna mjadala mrefu, Namdhari sio kwako. Usijidanganye kwamba utazoea baada ya harusi.

Nywele, kilemba na alama

Amritdhari wote wana zile K tano, alama ambazo majina yake kwa Kipunjabi yanaanza na K: nywele zisizokatwa, kitana kidogo cha mbao, kara, bangili ya chuma mkononi, kaptula maalum ya ndani na kirpani, kisu cha kidini. AKJ wao badala ya nywele wanahesabu keski, kile kilemba kidogo, kwahiyo mwanamke wa AKJ ni lazima afunge. Nihang wanaongeza silaha nyingine na bangili za chuma zaidi ya moja, na kilemba kile kirefu kinaitwa dumala. Namdhari wanafunga kilemba cheupe bapa, kimelala sawa kwenye paji la uso, ukikiona mara moja hutakisahau. Sahajdhari mara nyingi ana kara tu.

Watu wanafikiri kugumu ni kutokata nywele. Kugumu ni asubuhi ya Jumatatu. Kitambaa mita tano au zaidi, unahitaji mtu ashike ncha ya pili mkikunje, anavuta huko wewe unavuta huku, alafu unaanza kuzungusha, na ukikosea safu moja unafungua unaanza upya na basi la shule linapiga honi nje. Nyumba zenye vilemba zimejengwa na hizo dakika kumi za kila asubuhi, mzee ameshika ncha na mjukuu anavuta. Ukiwa peke yako chuo, hostel, unafungia kitasa cha mlango. Inawezekana, ila uwe unajua.

Ndugu zetu waliohamia Uingereza kutoka Kenya, Tanzania na Uganda, wengine baada ya Idi Amin kuwafukuza Waasia 1972, walifika kama familia nzima na vilemba vyao, wakati Wapunjabi wengi waliowatangulia kule walikua wamekata nywele ili wapate kazi. Wakavibakisha. Kwahiyo ukiambiwa kilemba na kazi haviendi pamoja, waulize hao. Au muulize yeyote anayekumbuka Safari Rally: Joginder Singh aliishinda mara tatu, 1965, 1974 na 1976.

Sahani

Sehemu hii kwa Afrika Mashariki ina uzito wake. Rehat Maryada inakataza kuttha, na tafsiri inayokubalika na wengi ni nyama iliyochinjwa kwa ibada, yaani halali. Sasa nyama ya bucha huku kwetu, hasa Pwani, karibu yote imechinjwa kiislamu. Maana yake Amritdhari wa Mombasa au Dar kwa vitendo ni mla mboga, labda awe na mtu wa kumchinjia kwa pigo moja. Hakuna chuki kwa jirani Mwislamu hapo, jirani ukimweleza vizuri anaelewa upesi kuliko ndugu zako wenyewe maana yeye mwenyewe ana masharti ya nyama, ila pilau ya harusi yake utaipita na utakula matunda na chai. Jiandae kulieleza hilo kwa upole tena na tena.

AKJ nyama hawali kabisa, na wengi wao wanafuata bibek ya sarbloh: kupika kwenye vyombo vya chuma, kula tu kilichopikwa na Amritdhari mwenzao wa nidhamu ileile. Hii ndio inayowaliza akina mama. Kijana anarudi nyumbani, mama amempikia makhani dal tangu asubuhi, anaambiwa siwezi kula mama, wewe hujachukua amriti. Mimi naiheshimu nidhamu hiyo kwa moyo wote na najua inatoka kwenye upendo wa Guru, lakini nasema wazi, kabla hujaichukua kaa na mama yako uongee naye, asije akagundua mezani.

Namdhari ni mboga tupu. Nihang ni tofauti kabisa, kwao mbuzi anachinjwa kwa pigo moja na kupikwa ni mila ya kijeshi ya zamani, na wana kile kinywaji cha sukhnidhan chenye bhangi ndani, ambacho Masikh wengi wa njia nyingine wanakipinga na kwa sheria za Kenya na Tanzania ni kesi. Sahajdhari anakula anavyoona, ila tumbaku hata wao kwa heshima wengi hawagusi.

Langari lakini, jiko la gurudwara, kwa kawaida ni mboga, na sababu yake naipenda: ili asiwepo hata mtu mmoja wa kushindwa kukaa chini na kula. Nenda Makindu pale barabara ya Mombasa, ile gurudwara ya 1926 iliyojengwa na Masingasinga wa reli. Dereva wa lori, abiria wa basi, mama na watoto watatu, wote chini kwenye mkeka, sahani ya chuma yenye vyumba, chapati, dengu, chai ya maziwa, hakuna anayekuuliza dini wala pesa. Njia zote tano zingekaa mkeka ule, na huyo wa bibek pia angekaa, hata kama amebeba chake.

Saa za ibada

Amritdhari wa kawaida: Japji, Jaap na Swaiyye kumi asubuhi, Rehras jioni, Sohila kabla ya kulala. Inawezekana na kazi ya ofisi, wengi wanasoma wakiwa kwenye gari. AKJ wanaongeza sala za asubuhi, wanaamka saa nyingi kabla ya jua kwa ajili ya simrani, yaani kurudia jina la Mungu, na wana Rainsabai, kirtani (nyimbo za ibada) ya usiku kucha, watu wamekaa mpaka alfajiri. Nihang wanafuata desturi zao za kambi. Namdhari wanaoga na kuosha nywele mapema alfajiri, alafu wanakaa na tasbihi ya sufu yenye mafundo 108, tena kirtani yao ya raga za zamani ni ya kiwango cha juu sana, kama wewe ni mtu wa muziki nenda uwasikilize hata kama huna mpango wa kujiunga. Sahajdhari hana ratiba ya kulazimishwa, na hapo ndipo uzuri wake na hatari yake, maana kwa wengi ratiba isiyolazimishwa inaishia kuwa Jumapili, alafu Vaisakhi, alafu harusi tu.

Mwanamke

Kwa mafundisho wote wanasema sawa, Guru alitoa amriti kwa mwanamke na mwanaume. Kwa vitendo angalia mwenyewe. Rehat Maryada inamwachia mwanamke achague kilemba au dupata, ule mtandio. AKJ wanamlazimu keski, na utashangaa ni wasichana wangapi wanaipenda hiyo kwa sababu inawaweka sawa kabisa na kaka zao. Nihang wanamheshimu sana Mai Bhago, mwanamke aliyepigana vita vya Muktsar 1705, lakini maisha ya kambi bado ni ya wanaume zaidi. Namdhari wana historia nzuri ambayo haitajwi vya kutosha: Satguru Ram Singh alipinga mahari (ambayo kule inatolewa na upande wa bibi harusi), ndoa za utotoni na kuua watoto wa kike, na harusi walianza kuzirahisisha tangu 1863, nguo nyeupe, hakuna dhahabu, mara nyingi maharusi wengi siku moja. Kwa baba mwenye mabinti watatu na mkopo benki, hilo sio jambo dogo.

Na bado pale Harmandir Sahib, lile Hekalu la Dhahabu la Amritsar, wanawake hawaimbi kirtani ndani. Bunge la Punjab lilipitisha azimio 2019 kuomba waruhusiwe. Inaniuma na sioni sababu ya kuificha.

Utani na heshima

Sasa tufike kwenye lile la sita.

Watu wa nje wanatujua kwa vitu viwili, kilemba na vichekesho. India kuna vichekesho vya sardar, jina wanalomwitia Sikh mwenye kilemba, ati Kalasinga akili inaruka ikifika saa sita, na huku kwetu kuna ule mchezo wa kuigiza fundi Kalasinga anavyoharibu Kiswahili. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu kabisa ya India iliombwa ivizuie vichekesho vya sardar ikasema haiwezi kuwatungia wananchi sheria za maadili. Wazee wetu wana maelezo yao ya hiyo saa sita: wanasimulia kwamba jeshi la Nadir Shah, mfalme wa Uajemi, lilipokuwa linarudi kutoka Delhi 1739 limeteka wanawake, Masikh walikua wanalivamia usiku wa manane, saa sita ya usiku, kuwakomboa. Mtoto anayedhihakiwa shuleni akishajua hiyo hadithi anasimama tofauti.

Lakini kicheko chenyewe ni chetu tangu mwanzo. Guru Nanak mwenyewe, kwenye Janamsakhi, masimulizi ya maisha yake, alifika Haridwar akakuta watu wanarusha maji ya mto kuelekea jua ili yawafikie mababu zao waliokufa, na yeye akageuka akaanza kurusha upande wa magharibi. Wakamuuliza unafanya nini? Namwagilia shamba langu Punjab. Wakamcheka, haiwezi kufika! Akawauliza, yenu yanafika vipi? Na ndani ya Guru Granth Sahib kuna Kabir, mshairi wa kidini, anayesema kama kutembea uchi kunamfikisha mtu kwa Mungu basi swala wote wa porini wameshaokoka, na kama ni kunyoa kichwa, mbona kondoo hajaokoka? Kabir huyo huyo kuna mahali anamwambia Mungu siwezi kuabudu na njaa, chukua tasbihi yako, alafu anaorodhesha anachotaka, unga, dengu, samli, chumvi, kitanda chenye miguu minne, mto na blanketi. Hayo yanaimbwa gurudwara, watu wamefunika vichwa, na wanaoelewa wanatabasamu. Kwahiyo mtu akikwambia kucheka na kumheshimu Guru haviendi pamoja, huyo hajasoma.

Mpaka uko wapi basi? Wengi wetu tunaucheka unafiki wa dini, tunajicheka wenyewe, ila Guru Granth Sahib hachekwi, na mashahidi hawachekwi. Hapo njia zote tano wako pamoja. Wanachotofautiana ni kabla ya kufika hapo.

Nihang ndio mabingwa. Karne ya 18 walikua wanawindwa porini, mwaka 1762 peke yake maelfu waliuawa na jeshi la Ahmad Shah Abdali, mfalme wa Waafghani, na wakati huo huo wakajitengenezea lugha yao ya utani ambayo mpaka leo wanaiongea. Kitunguu wanakiita fedha. Dengu za kukaanga ni lozi. Pilipili ni mwanamke mgomvi. Mtu akiwa peke yake barabarani ukimuuliza mko wangapi anakujibu jeshi la laki moja na ishirini na tano elfu. Chakula kikiisha kabisa hawasemi tuna njaa, wanasema langari imelewa furaha. Kufa ni kuondoka kwenda vitani. Hiyo ndio chardi kala, moyo wa juu usioshuka, na tunaiomba kila siku mwisho wa Ardas, sala yetu ya pamoja. Lakini usifikiri kwamba kwa sababu wanatania basi ni watu wa kutaniwa tu. Gusa Guru au silaha zao bila adabu uone.

Namdhari wana furaha ya aina nyingine. Waliitwa Kuka kwa sababu ya kelele, katikati ya kirtani mtu anashikwa na hisia anapiga ukelele, kilemba kinafunguka na kuanguka, na hakuna anayemwona kituko. Heshima yao ina sauti. Ila Satguru hataniwi, na habari za Malerkotla 1872, pale Waingereza walipowafunga Kuka zaidi ya 60 kwenye midomo ya mizinga na kuwalipua, zikianza kusimuliwa chumba kinakua kimya. Mgeni atulie na asijaribu kuchangamsha mazungumzo.

AKJ wengi ninaowajua ni wapole na wakarimu kupita kiasi, na kicheko chao ni kidogo na cha pembeni. Ndani ya ibada ya usiku hakuna kuangaliana na kutabasamu, watu wamefumba macho, pumzi inaenda na Waheguru, jina la Mungu, na kama wewe ni mtu wa kunong'oneza jirani yako utajisikia umevunja kitu. Kuna mtu utulivu huo ndio dawa aliyokua anaitafuta maisha yake yote, na kuna mtu unambana kifua, na hilo halimfanyi mmoja kuwa Sikh zaidi ya mwingine.

Amritdhari wa kawaida wanagawanya kwa vyumba. Ukumbini kwa Guru kimya, ukivuka mlango kuingia langari, utani mpaka machozi, akina mama wanaosukuma chapati pale hakuna mtu mzima atakayepita salama kama kilemba chake kimekaa upande. Mhubiri mzuri hata ukumbini anaweza kuwachekesha watu, alafu sentensi inayofuata anawaliza.

Sahajdhari wanacheka kwa uhuru kuliko wote na mara nyingi ndio wanaosema ukweli kuhusu uongozi wa gurudwara wakati wengine wanaogopa. Lakini wana mtihani wao. Kwa sababu sura yao haionekani, wanakaa kwenye meza ambapo kichekesho cha sardar kinapigwa na hakuna anayejua kwamba mmoja wao yupo. Unacheka nao au unasema? Aliye na kilemba hana nafasi ya kuchagua, na mimi naamini Sahajdhari anayesema pale mezani amefanya kazi ya Khalsa. Upande wa pili na wao wanakejeliwa na ndugu wenye vilemba, na tangu sheria ya 2016 kule India hawana hata kura ya SGPC. Utani huo ndani ya nyumba zetu, wa kumwita mtu nusu Sikh, mimi nauchukia, ni sumu.

Nani anafaa wapi

Sahajdhari inamfaa anayeanza, aliyeoa nje, au anayeishi mji usio na sangati, yaani jumuiya ya waumini, mradi awe na ratiba yake mwenyewe anayoilinda. Amritdhari wa kawaida inamfaa anayetaka ahadi nzito ila abaki meza moja na familia yake yote na jamii pana. AKJ ni kwa mtu mwenye njaa ya simrani na kirtani ambaye kanuni nyingi zinampa uhuru badala ya kumnyonga. Nihang, kwa kweli makao yake ni Punjab, kwa Mkenya au Mtanzania inahitaji uhame au ukae na wao muda mrefu, inamfaa anayevutwa na silaha, farasi na mila za kale na yuko tayari kuacha mengi. Kwa gatka, ule mchezo wa silaha, na mapenzi ya bluu peke yake, huhitaji kuwa Nihang. Namdhari inamfaa anayetaka Guru aliye hai, maisha meupe na mepesi, harusi isiyofilisi mtu.

Kuna jambo halipo kwenye vigezo vyangu ila linaamua mambo kimya kimya hapa Nairobi: magurudwara yetu mengine yana historia ya ukoo, Ramgarhia huku, wengine kule, mafundi wa reli na waliofuata. Magurú walikataa mambo ya tabaka waziwazi kabisa. Usiruhusu jina la ukoo likuchagulie njia. Angalia mfano wa Baba Puran Singh wa Kericho, fundi aliyeishi kati ya mashamba ya chai, alafu jumuiya yake ya Nishkam ikakua Birmingham mpaka ikapewa kazi ya kupaka upya dhahabu ya Harmandir Sahib. Hakuna aliyeuliza ukoo.

Kwa hali yako

Kama una miaka 16 mpaka 20 na rafiki zako wote wanachukua amriti Vaisakhi hii: nenda kwanza ushuhudie ukiruhusiwa, au muombe mmoja wa Panj Pyare, wale watano wanaotoa amriti, akueleze hatua kwa hatua. Bakuli la chuma, maji, vipande vya sukari, upanga wa makali mawili unakoroga huku sala tano zinasomwa moja baada ya nyingine, wote wamepiga goti moja, hakuna anayeondoa jicho kwenye bakuli. Ukitoka hapo huwezi kusema nilikua nafuata mkumbo. Subiri mwaka mmoja ukifunga kilemba na kusoma sala za kila siku kama umeshachukua, uone.

Kama umeshachukua na unataka kuingia AKJ: chukua jambo moja moja, anza na saa za alfajiri, acha bibek ya chakula iwe ya mwisho, na wakati wote huo endelea kula kwa mama.

Kama unaolewa kwenye nyumba ya Namdhari: uliza mambo matatu kabla ya kuweka tarehe. Je, nitatakiwa kumtambua Satguru au kumheshimu tu? Wazazi wangu wenye imani ya kawaida watakaa wapi siku ya harusi na watainamia nini? Watoto watapelekwa gurudwara ipi? Jibu likiwa tutaona, rudi uulize tena.

Kama wewe sio Sikh na mchumba wako ni Sikh: jua kwamba Rehat Maryada inasema Anand Karaj, ndoa ya Kisikh, ni ya Masikh wawili, na magurudwara yanatofautiana jinsi yanavyolisimamia, kwahiyo nendeni wote wawili mkaongee na kamati miezi mingi kabla, sio wiki ya kadi. Na jifunze adabu za msingi, kichwa kifunikwe, viatu nje, tumbaku iache nyumbani hata kwenye mfuko, halua ya parshadi ipokee kwa mikono miwili. Utani utakuja wenyewe. Ukiona shemeji zako wameanza kukutania langari, umeshapokelewa, na wewe una ruhusa ya kurudisha.

Kama ulikata nywele zamani na unataka kurudi ila unaogopa maneno ya watu: wapo watakaosema. Tafuta gurudwara ambayo jikoni kwao watu wanacheka, jitolee kuosha vyombo Jumapili kadhaa bila kutangaza chochote, alafu ongea na mzee mmoja unayemwamini, peke yenu. Kilemba cha kwanza mwombe yeye ashike ncha.

Na kama bado umekwama kati ya mbili, usiamue kwa kusoma. Kaa Jumapili nne kwenye moja na nne kwenye nyingine, ukumbini na jikoni, na kila ukirudi nyumbani andika kitu kimoja ulichocheka nao na kitu kimoja kilichokufanya unyamaze.